Nukta Chini ya Mstari

Kambi ya nne,
3 Machi

Bwana Rula, mume wangu,

Mimi mzima. Wasiwasi juu yenu sina, maana mama yangu yuko hapo nyumbani na wewe huna nafasi ya kuharibu kitu. Dereva wa lori la kukodi lililotuleta amekaa kwenye kivuli cha gari lake anapiga miayo, anataka kuondoka jua halijawa kali, kwa hiyo nitaandika mbiombio na wewe utasoma taratibu kama kawaida yako.

Kwanza cheka. Jana saa tano asubuhi tumevuka mstari wa Ikweta. Ofisi yetu tangu ianzishwe haijapima hata hatua moja upande wa kaskazini, na wa kwanza kuingia ni mkeo. Mzee Mnyororo, mwenye miaka thelathini na moja ya kuvuta mnyororo wa kupimia, yote upande wa kusini, alisimama nilipomwonyesha akatanguliza mguu mmoja kama anaingia maji ya baridi. Akauliza kama miguu itamuuma zaidi huku. Nikamwambia maumivu yake hayana latitudo. Amenuna mpaka sasa.

Tuko watano walewale: mimi, yeye, mpishi, na vijana wawili washika fito za kupimia. Gari dogo limekatika ekseli. Nimeorodhesha vipuri, lori lijalo lije navyo, kwa sababu bila gari sisi ni watu wa kusubiri tu. Tumeachiwa mapipa matano ya maji. Tukitumia kama tunavyotumia yatafika tarehe ishirini na nane, na lori limeahidiwa tarehe ishirini na nne, basi hakuna neno.

Kambi iko latitudo ya digrii sifuri, dakika ishirini na mbili. Nimejaza kwenye fomu ya ofisi. Fomu yenyewe ina nafasi ya digrii na nafasi ya dakika, ya upande, kaskazini au kusini, haina, maana nani alidhani tungefika huku. Lakini wewe ndiye unayeweka nukta kwenye ramani ya dereva, na wewe nimeshakuambia.

Mwambie mwanetu Maswali asimchokoze mdogo wake. Na wewe ule vizuri, usile umesimama.

Mke wako,
Mpima


Nyumbani,
17 Machi

Mke wangu, mama watoto,

Barua yako nimewasomea mezani. Mama alicheka habari ya mguu wa Mzee Mnyororo mpaka akakohoa. Nimeisoma tena ofisini kimyakimya, nikacheka peke yangu, mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata uhamisho.

Lori linaondoka kesho na barua hii itakuwa ndani ya mfuko wa posta pamoja na soksi ulizoagiza. Vipuri vya ekseli vimepakiwa, nimevigusa kwa mkono wangu, unanijua. Nukta yako nimeiweka leo mchana kwenye ramani ya dereva. Wino mwekundu, kalamu nyembamba kabisa. Nimeshika rula kutoka kwenye Ikweta, nikashuka dakika ishirini na mbili kamili, nikagusa karatasi mara moja tu. Mkuu wa ofisi mwenyewe alisimama nyuma yangu akasema, "Huyu mtu mkono wake hautetemeki." Sifa hizo nakupelekea wewe, kwa sababu hapa hakuna wa kunisikiliza nikijisifu.

Nimemkumbusha dereva wetu wa ofisi, maana yule wa lori la kukodi amekwisha kwenda zake, kanuni: asipoikuta kambi asubiri siku mbili, ashushe mapipa na mfuko wa posta palepale kwenye nukta, arudi. Amenijibu kwamba kanuni aliijua kabla mimi sijaota ndevu. Sawa. Mimi ni mtu wa hofu, na hofu yangu haijawahi kumdhuru mtu.

Maswali ameniuliza: kama dunia inazunguka, kwa nini mama asisimame tu akatungoja tumfikie? Nikachukua taa na mpira wa uzi, nikachomeka sindano mbili, moja yako na moja yetu, nikauzungusha. Akaona kwamba sindano zote mbili zinakwenda pamoja. Akasema, "Kwa hiyo hata tukizunguka vipi, mama hasogei." Neno lake nimeliandika hapa ili tulicheke wote.

Rudi salama.

Mume wako,
Rula


Kambi ya nne,
25 Machi

Mume wangu,

Lori halijaja. Imepita siku moja tu, usianze kutembea ukumbini ukipiga hatua kama askari wa zamu. Wachimba chumvi wamepita hapa asubuhi na punda tisa wakielekea njia panda, mwendo wa siku saba, na mkubwa wao amekubali kuitia barua hii kwenye posta ya pale. Alitaka kujua kama tuna shida. Nikamwambia gari letu liko njiani.

Maji yapo ya kutosha. Chakula kipo. Nimekata nywele kwa ajili ya joto. Kinyozi wangu ni mpishi, kwa hiyo ukiniona usiseme neno.

Tarehe ishirini na moja, ile ambayo mchana na usiku hulingana, tulitoka wote uwanjani saa sita kuona jua likitupitia utosini. Vijana walisimamisha fito, zisitoe kivuli hata cha ukucha. Mzee Mnyororo akajizungusha akikitafuta chake. Vijana walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaingia hemani. Kuangalia chini na kukosa kivuli chako ni jambo dogo, najua sababu yake kuliko mtu yeyote pale, na bado lilinitia baridi.

Nina swali la kikazi. Redio tuliyokuwa tukilinganishia saa ilitegemea betri ya gari, na betri imelala. Sasa ninayo saa ya mkononi tu. Kila sekunde nne saa hii ikipotea, longitudo yangu inapotea dakika moja, karibu kilomita mbili. Je, longitudo niliyoandika tarehe tatu ilikaa sawa mlipoichora? Usimuulize Mkuu, atafanya mkutano. Angalia wewe tu, kwa jicho lako.

Wabusu watoto. Mama mwambie nimeshiba.

Mke wako,
Mpima


Nyumbani,
2 Aprili

Mke wangu,

Barua hii naipeleka posta ya njia panda, nikiomba wachimba chumvi, ambao dereva anasema hupita huko, au mtu yeyote apitaye akufikishie. Sijui kama itafika. Naandika hata hivyo, kwa sababu nisipoandika mikono yangu haina la kufanya.

Dereva amerudi jana. Anasema alifika, akangoja siku mbili, akapiga honi mpaka betri ikalalamika, hakuona hata jivu la moto. Akashusha mapipa akarudi. Mkuu amekasirika. Anasema lazima mpima amekosea hesabu, na kwamba hatatuma lori lingine hovyo mpaka apate barua yako yenye vipimo vipya. Anasema uko mahali fulani karibu na nukta, pengine kusini zaidi.

Wewe usihame. Nakuomba. Huko kaskazini uliko kaa hapohapo, punguza matumizi, usitembee juani. Kuna mambo madogo ya ofisi yanahitaji kunyooshwa, nami nayanyoosha. Nitazungumza na Mkuu kwa wakati wake, anataka kuendewa pole pole, unamjua. Usiwe na mashaka na hesabu zako. Hesabu zako ziko sawa, hilo nakuhakikishia.

Watoto wazima. Mama anauliza barua kila siku. Mimi silali vizuri, lakini hilo si jipya.

Mume wako,
Rula


Kambi ya nne,
9 Aprili

Kwa yeyote atakayefika hapa, na kwa mume wangu:

Nimeifunga karatasi hii kwenye mti wa katikati wa hema. Hatupo. Tumekwenda kusini moja kwa moja, tukifuata longitudo hiihii, bila kupinda. Tufuate. Maelezo mengine ni ya mume wangu, lakini anayetaka kusoma asome.

Mume wangu, nilikudanganya. Tarehe ishirini na tano maji hayakujaa hata pipa moja. Niliandika vile kwa sababu nilikuona mawazoni, uko ukumbini na soksi mguu mmoja, na nilidhani lori litakuwa hapa kabla barua yangu haijafika kwako. Leo tuna lita ishirini na nane kwa watu watano. Mpishi anapima kwa kikombe cha kunyolea. Kijana mmoja midomo imepasuka hata hawezi kuongea. Mzee Mnyororo mkojo wake umekuwa rangi ya chai, tena ya rangi, na bado kila alfajiri analalamika miguu ili tujue yu hai.

Wiki mbili nimekuwa nikijishuku. Lori lisipokuja mahali ulipoandika, jambo la kwanza unalofikiri ni kwamba hupo ulipoandika. Nimepima jua mchana siku kumi mfululizo. Linazidi kwenda kaskazini, kivuli sasa kinalala upande wa kusini, natoa mwendo wake huo kwa jedwali la kila siku, na jibu ni lilelile: dakika ishirini na mbili, kaskazini. Kuhusu saa yangu niliogopa zaidi. Nililala mchana nikahisi kabisa dunia inazunguka chini ya mgongo wangu, inanipeleka, na mimi sina cha kujishikia isipokuwa saa ya mkono iliyonunuliwa sokoni. Nilikamata ardhi kwa vidole. Usimwambie mtu.

Jana nikaacha kuwaza kuhusu mimi, nikawaza kuhusu wewe. Nikajiuliza: mume wangu akipewa dakika ishirini na mbili, mkono wake unakwenda wapi? Miaka kumi na minne nimekuona ukishika ile rula. Kila ramani uliyowahi kuchora imeanza kwenye Ikweta ikateremka. Nilikuambia tumevuka, na najua ulicheka, na naamini kabisa kwamba ulimaliza kucheka ukainama mezani na mkono ukashuka wenyewe.

Kama ni hivyo, kanuni inasema mapipa yameshushwa. Yako dakika arobaini na nne kusini ya hapa nilipokaa, kilomita themanini na moja na kidogo. Njia panda ni siku saba kwa punda. Mapipa ni siku nne kwa miguu yetu, tukitembea alfajiri na jioni. Mzee Mnyororo atahesabu hatua, mimi nitapima jua kila mchana kwa kipimo kidogo cha mkononi, na latitudo itatuambia tumefika.

Sasa nikuambie kinachonitisha, maana hapa hakuna wa kumwambia. Naweka roho za watu watano juu ya kosa lako. Nimewaambia kwa sauti kavu kwamba maji yako pale, kama mtu aliyeyaona. Lakini kama safari hii moja hukukosea, kama nukta uliiweka sawasawa na lori liliharibika tu njiani, basi ninawatoa kwenye hema lao niwapeleke wakafe mahali pasipo na kitu. Sijawahi kumwomba Mungu kwamba mume wangu awe amekosea. Leo nimeomba.

Wabusu watoto.

Mpima


Nyumbani,
10 Aprili

Mke wangu,

Barua hii anayo dereva, na kama unaisoma basi amekukuta. Lori linaondoka kesho alfajiri, litakwenda usiku na mchana. Limebeba maji mara mbili ya kawaida na tabibu mmoja. Safari hii nukta iko juu ya mstari. Nimeiweka nikiwa nimeshikilia kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

Nilikosea. Niliweka kambi yako kusini. Uliniambia umevuka, nikacheka, nikashuka. Sina cha kusema zaidi ya hapo kwa sababu hakuna zaidi. Katika ofisi yetu tumeteremka kutoka Ikweta kwa miaka mingi kiasi kwamba juu ya mstari tulikuwa tunaandikia anwani na kuweka vikombe vya chai.

Barua yako ya tarehe ishirini na tano ilifika tarehe tano. Nilifurahi nusura niruke. Maji yapo ya kutosha, umesema, nami nikashusha pumzi. Leo asubuhi mama aliniomba nimsomee tena. Nilipofika mwisho akasema, "Rudia hapo." Nikarudia: Mama mwambie nimeshiba. Akasema, "Baba, mwaka wa njaa huyu mtoto alikuwa na miaka sita. Kila nilipopakua chakula kidogo alisema ameshiba. Mwanangu hajawahi kusema kitu kinatosha isipokuwa kimekwisha." Akaniangalia machoni. Mama mkwe haniangalii machoni, unajua adabu yake. Akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyie wawili mnafichana nini?"

Nikakimbia ofisini. Nikaitoa ramani kabatini, nikaweka barua yako ya tarehe tatu pembeni yake, na leo hii, saa mbili asubuhi, ndipo nilipoona. Nikamwendea Mkuu nikamwambia yote mbele ya watu. Hakufoka. Alikaa chini akaomba maji ya kunywa, halafu akayatazama bila kuyanywa. Ameniambia niende nyumbani mpaka nitakapoitwa.

Niko jikoni. Naogopa, mke wangu. Naogopa kama sijawahi kuogopa, na mimi nimeogopa mambo mengi ya kipuuzi maishani mwangu. Kila nikifungua bomba nasikia aibu. Maswali ameniuliza kwa nini naosha vyombo bila maji.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, kuwa hai tu.

Mume wako,
Rula


Zahanati ya njia panda,
20 Aprili

Mume wangu,

Tuko wanne. Mpishi ana dripu ya tatu, anamtukana muuguzi, kwa hiyo atapona. Vijana wamelala. Mimi nyayo zimefungwa bandeji lakini nakaa kitako na kuandika.

Mzee Mnyororo amekufa tarehe kumi na moja, jioni. Alihesabu hatua mpaka elfu arobaini na sita na kitu, kisha akarudia namba moja mara tatu, akakaa. Kijana mmoja alimshika. Hakusema neno la kukumbukwa. Alisema viatu vinambana, tukamvua. Nilipima jua mchana ule, kwa hiyo najua alipo. Ni dakika tatu kaskazini mwa mstari. Tulifukua kwa sahani na mikono, kina hakikuwa cha kumstahili, tukapanga mawe.

Tarehe kumi na tatu asubuhi tuliyaona mapipa. Kosa lako lilikuwa sahihi kabisa, tulitoka nje ya nukta kwa chini ya kilomita mbili. Hayo utayasikia siku nyingine. Mfuko wa posta ulikuwa umefungwa kwenye pipa la kwanza, na baada ya kunywa na kutapika na kunywa tena nilisoma barua yako ya tarehe kumi na saba Machi, yenye wino mwekundu na mkono usiotetemeka. Niliisoma kwa sauti. Hakuna aliyekasirika, tulikuwa na maji.

Lori lilifika tarehe kumi na saba. Lilikuta karatasi yangu hemani, likatufuata kusini. Dereva alinipa barua yako ya tarehe kumi. Niliisoma mara mbili nikalia, nikamwambia dereva kwamba mume wangu ni mtu mwoga lakini akiona kosa lake hulisema siku ileile. Nilisema hivyo mbele ya vijana.

Jana tumefika hapa. Posta iko ukuta mmoja na zahanati. Karani akaniuliza jina, akanipa barua moja iliyokuwa inalala kwenye sanduku tangu mwanzoni mwa mwezi. Ni yako ya tarehe mbili.

"Huko kaskazini uliko kaa hapohapo." Umeandika hivyo tarehe mbili Aprili. Siku ile dereva aliamini niko kusini. Mkuu aliamini niko kusini zaidi. Ofisi nzima mtu mmoja tu alikuwa anajua niko upande gani, na alikuwa anangoja Mkuu aendewe pole pole.

Nimefanya hesabu. Lori likiondoka tarehe tatu linafika kambini tarehe nane. Sisi tuliondoka tarehe tisa. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko nilivyopima jua, nikitafuta mahali ilipokosewa. Sijapapata.

Sikuachii mzigo wote. Neno "ya kutosha" ni langu, na najua lilikulaza usingizi kuanzia tarehe tano. Wachimba chumvi wangetubeba, mkubwa wao aliniuliza kwa mdomo wake, nikaona haya kuomba. Hilo nitalijibu mwenyewe, na nitalijibu kwa maandishi kwa Mkuu. Lakini tarehe mbili, tatu na nne ni zako peke yako. Uliogopa kufukuzwa kazi na kutolewa kwenye nyumba ya ofisi. Naielewa hofu hiyo, nyumba ni yetu sote. Siwezi kuilinganisha na jiwe nililolipanga juu ya mtu.

Ofisi itampelekea mke wa Mzee Mnyororo barua yenye muhuri. Itasema ajali kazini. Sitaki aipate kabla yako. Nenda kwake leo, wewe mwenyewe, kwa miguu yako, pale nyuma ya karakana anaposhona sare. Usiende na mama. Mwambie tarehe ya kweli. Usipomwambia wewe, nitakaposhuka kwenye basi nitakwenda kwake kabla sijaja nyumbani.

Mpima


Nyumbani,
24 Aprili

Mke wangu,

Barua yako nimeipokea jana saa nane. Nilikwenda saa tisa.

Nilimkuta kwenye cherehani, amezungukwa na mashati ya bluu. Alidhani nimeleta sare ya kupunguzwa. Akaniambia kaa, nikasema sikai. Nikamwambia kwamba mume wake amefariki, tarehe na mahali, kama ulivyoandika. Akaondoa mguu kwenye pedali. Akawa anashikilia kitambaa kilekile kisianguke.

Kisha nikamwambia la nukta. Alielewa upesi, ameishi na mtu wa ofisi yetu miaka thelathini. Akauliza, "Ulijua lini?" Nikasema tarehe mbili. Akauliza, "Ulisema lini?" Nikasema tarehe kumi. Akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, kama mtu asiyeamini hesabu za watu wengine. Alipofika nane aliviangalia vidole vyake.

Akaniuliza, "Siku hizo nane ulikuwa unakula?"

Nikamwambia nilikuwa nakula.

Akauliza, "Na maji ulikuwa unakunywa?"

Nikamwambia ndiyo, mama, nilikuwa nakunywa.

Hakuniuliza jingine. Hakunifukuza pia. Nilisimama mlangoni mpaka wanawake wa jirani walipoanza kuingia, mmoja akanisogeza kwa mkono ili apite, nikatoka.

Leo asubuhi nimempelekea Mkuu tarehe ya kweli kwa maandishi. Mwisho wa mwezi tunatoka kwenye nyumba. Mama ameanza kufunga vyombo, ananiwekea chakula mezani na kukifunika. Sijaweza kukifunua. Maswali nimemwambia kwamba baba alikosea, halafu akaficha. Ameniuliza kama utarudi kuishi nami au utakwenda na bibi kwake. Nimemwambia nitakuandikia nikuulize.

Mume wako